Sura ya Tano: Ulinzi Hununuliwa, Wajibu Hauuzwi

Saa kumi na mbili asubuhi, katika mitaa ya Muyenga, Kololo na Ntinda jijini Kampala, walinzi hupokezana zamu. Aliyekesha humkabidhi mwenzake bunduki, simu ya upepo na daftari la matukio. Anayepokea huhesabu risasi mbele ya anayekabidhi, huandika idadi, hutia saini. Haupiti muda, gari jeupe lenye nembo ya shirika la misaada hupiga honi nje. "Afande, nifungulie," dereva huita. Geti halifunguliwi bado. Askari hupitisha kioo chenye mpini mrefu chini ya gari, kuanzia tairi la mbele hadi bomba la moshi, huomba buti lifunguliwe, hutupa jicho viti vya nyuma, huandika namba ya gari na saa ya kuingia. Hapo ndipo geti husogea.

Ndani ya nyua hizo ndimo zinamopangwa safari za chakula kwenda Yumbe, za dawa kwenda Bunia na za mafundi wa maji kwenda Yei. Kila siku usalama wa watu wengi hupitia mikononi mwa yule askari, na wengi wao hawalijui jina lake. Hakuajiriwa na shirika analolilinda. Mwajiri wake ni kampuni ya ulinzi iliyoshinda zabuni, na kwenye vitabu vya shirika yeye ni sehemu ya ankara moja inayolipwa kila mwisho wa mwezi.

Mpango huo una sababu zake. Shirika la afya halijui kutunza bunduki wala kufunza walinzi, kampuni inajua. Lakini pamezoeleka jambo baya: mkataba ukishatiwa saini, viongozi wa shirika huona kwamba suala la usalama limeshatoka mezani kwao. Sura hii inapinga mazoea hayo. Ulinzi unaweza kununuliwa. Wajibu wa kumrudisha mtu nyumbani akiwa hai hauhamishwi kwa zabuni.

Mji unaohudumia vita vya jirani

Tangu miaka ya 1990 Kampala imekuwa ghala, benki, hospitali na kituo cha safari kwa watu wanaofanya kazi kwenye maeneo ya vita. Mwanzoni vita vyenyewe vilikuwa ndani ya Uganda. Waasi wa LRA wa Joseph Kony waliitesa Kaskazini kwa takribani miaka ishirini. Vita vilipofikia kilele, watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi wa ndani huko Gulu, Kitgum, Pader na Lira. Novemba 2003 Jan Egeland, mratibu wa misaada ya dharura wa Umoja wa Mataifa, aliuambia ulimwengu kwamba umelipa kisogo janga hilo. Malori ya chakula ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, yalikwenda kambini yakisindikizwa na wanajeshi wa UPDF, jeshi la Uganda. Mwishoni mwa 2005 waasi walianza kushambulia magari ya mashirika, na mengi yakasitisha safari za barabara kwa muda. Kambi zilizotegemea safari hizo ndizo zilizoumia.

Kaskazini ilipotulia, vita vya jirani viliendelea. Entebbe ikawa kituo kikubwa cha Umoja wa Mataifa kinachohudumia majeshi yake ya kulinda amani katika kanda, na mwaka 2010 kikafunguliwa hapo kituo cha huduma za kikanda. Desemba 2013 Sudan Kusini iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita vilipofumuka tena Julai 2016, wimbi la wakimbizi lilivuka mpaka, na makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, yaliyofunguliwa Agosti mwaka huo, yakapokea zaidi ya watu 270,000. Leo Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.5, wengi kutoka Sudan Kusini na Kongo. Kila wimbi lilileta mashirika mapya, na kila shirika jipya lilikodi nyumba, magari na walinzi.

Kampala yenyewe haikusalimika. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi, mabomu ya Al-Shabaab yalilipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na katika klabu ya raga ya Kyadondo. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Miongoni mwao alikuwemo Nate Henn, kijana wa Marekani aliyekuwa mfanyakazi wa Invisible Children, shirika lililoshughulika na watoto walioathiriwa na vita vya Kony. Mtu aliyejitolea kwa ajili ya waathirika wa vita vya Kaskazini alifia mjini, akitazama mpira. Baada ya usiku ule, vifaa vya kupimia chuma vilienea kwenye milango ya maduka, makanisa, mahoteli na ofisi, na kazi ya askari wa kampuni binafsi ikawa sehemu ya maisha ya kila mkazi wa mji.

Bunduki kwa leseni

Biashara hii ina mizizi yake. Kati ya 1992 na 1995, serikali ya Uganda ilipunguza jeshi lake kwa msaada wa Benki ya Dunia, na wanajeshi wapatao 36,000 wakarudishwa uraiani. Wengi wao walikuwa vijana waliojua bunduki kuliko kazi nyingine yoyote. Wakati huohuo uchumi ulikuwa ukifunguka, benki na viwanda vikirudi, na polisi walikuwa wachache. Kampuni za ulinzi zikawapata wafanyakazi na wateja kwa pamoja. Mwaka 1997 zikatungwa kanuni za kuzisimamia chini ya Sheria ya Polisi, na mwaka 2013 zikaja kanuni mpya. Polisi ndio wanaotoa leseni, ndio wanaokagua maghala ya silaha.

Uganda inamruhusu askari wa kampuni binafsi kushika bunduki. Kenya ilitunga sheria yake ya ulinzi binafsi mwaka 2016 baada ya miaka mingi ya walinzi wenye virungu tu, na hadi leo mteja anayetaka ulinzi wa bunduki hutegemea polisi. Tofauti hiyo huonekana mara moja kwa shirika linalohamisha ofisi kutoka Nairobi kuja Kampala: linakuta bunduki getini hata kama halikuiomba. Silaha hiyo ni dhamana nzito. Juni 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa kwa risasi, Rais Museveni aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama ili risasi iweze kufuatiliwa hadi kwenye silaha iliyoifyatua. Agizo hilo liliyagusa pia maghala ya kampuni za ulinzi.

Kwa mashirika ya misaada, bunduki ina tatizo jingine. Nguvu yao ipo katika kuaminiwa na pande zote, na mwenye bunduki huonekana ana upande. Ndiyo maana Msalaba Mwekundu wa Kimataifa kwa kawaida hausafiri na watu wenye silaha. Somalia iliulazimisha kuvunja mwiko huo. Mwaka 1991 na 1992, njaa ilipokuwa ikiua maelfu huku bandari ya Mogadishu ikishikwa na makundi ya wapiganaji, mashirika yaliwakodi vijana wenye silaha ili chakula kipite. Chakula kilipita, na waliolipwa kukilinda wakatajirika kutokana na njaa hiyo. Umoja wa Mataifa ulichukua miaka ishirini kuandika mwongozo wake kuhusu kampuni za ulinzi zenye silaha. Ulitoka mwaka 2012, nao unasema kampuni hizo zitumike pale tu ambapo serikali mwenyeji, nchi wanachama na Umoja wenyewe wameshindwa kutoa ulinzi.

Kutoka Kampala hadi Baghdad

Anayetaka kujua jinsi wajibu unavyopotea njiani, atazame safari ya Waganda kwenda Iraki. Kuanzia mwaka 2005, kampuni za Kampala ziliwaandikisha maelfu ya vijana, wengi wao waliowahi kuwa wanajeshi au polisi, wakalinde kambi za Marekani. Serikali ya Marekani iliingia mkataba na kampuni kubwa, kampuni kubwa ikaingia mkataba na wakala wa Kampala, na wakala akaingia mkataba na kijana wa Masaka au Lira. Wa kwanza walilipwa karibu dola 1,000 kwa mwezi. Ushindani ulipozidi, kampuni zikashusha bei ili zishinde zabuni, na ndani ya miaka michache mshahara ulikuwa umeshuka chini ya dola 600. Joto la Iraki na hatari ya makombora havikupungua. Kilichopungua ni haki ya aliyesimama mlangoni.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1941, iitwayo Defense Base Act, inampa fidia mfanyakazi wa mkandarasi anayeumia katika kazi za namna hiyo, hata kama si Mmarekani. Wengi wa Waganda walioumia hawakuwahi kuambiwa kwamba sheria hiyo ipo. Kati ya mlipaji na mlinzi palikuwa na mikataba mitatu, na katika kila mkataba kila mmoja aliamini kuwa mwenzake ndiye mwenye jukumu la kueleza.

Baadhi ya waliorudi kutoka kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, huko Iraki waliingia katika kampuni za hapa nyumbani. Walileta ujuzi wa kweli: namna ya kupekua gari, kusoma tabia ya mtu anayekaribia geti, kuzungumza kwenye redio bila kubabaika. Mashirika ya misaada yananufaika na ujuzi huo hadi leo. Swali ni kama yanaulipia.

Hesabu ni nyepesi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kuwa kipimo cha kawaida cha kazi kwa wiki. Askari anayeshika lindo la saa 12 kwa siku 6 hufikisha saa 72. Kima cha chini cha mshahara kilichopo kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Fedha hiyo leo haimtoshi mtu kula siku mbili mjini. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya, Rais akakataa kuutia saini. Kwa hiyo sheria haimlindi askari dhidi ya zabuni ya bei ya chini. Anayeweza kumlinda ni mteja. Shirika linapochagua kampuni ya bei ndogo kuliko zote, tofauti ya bei mara nyingi hutoka kwenye mshahara wa askari, na usingizi anaoukosa kwenye lindo la pili analolishika kufidia mshahara huo ndio unaofumba macho yake saa tisa usiku.

Juba, Julai 2016

Kuta na walinzi vina mipaka, na Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, iliionyesha kwa ukatili. Tarehe 11 Julai 2016, baada ya siku kadhaa za mapigano kati ya majeshi ya Rais Salva Kiir na ya mpinzani wake Riek Machar, askari wa serikali, kati ya themanini na mia moja, waliivamia hoteli ya Terrain walikokuwa wakiishi wafanyakazi wa misaada. Wakazi walijificha katika jengo lililotengwa kuwa kimbilio. Wavamizi walivunja milango. Walipiga, walipora, walibaka. John Gatluak, mwandishi wa habari aliyefanya kazi na shirika la Internews, alipigwa risasi mbele ya wenzake kwa sababu ya kabila lake.

Makao ya kikosi cha Umoja wa Mataifa yalikuwa karibu. Simu na ujumbe wa kuomba msaada vilifika, na hakuna kikosi kilichotoka. Jioni, watu wa usalama wa Sudan Kusini waliwatoa wengi, lakini wanawake watatu wa kigeni na wafanyakazi wa hoteli waliachwa nyuma. Asubuhi yake waliokolewa na kampuni binafsi ya ulinzi. Uchunguzi ulioongozwa na Jenerali Patrick Cammaert uliukosoa vikali uongozi wa kikosi, na kamanda wake, Jenerali Johnson Ondieki wa Kenya, akaondolewa. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Juba iliwatia hatiani askari kumi.

Kampuni iliyokwenda asubuhi ile inastahili heshima, kwa kuwa ilifika pale ambapo wenye magari ya deraya hawakufika. Hata hivyo ilifika baada ya usiku kupita. Mlinzi wa kampuni hawezi kupigana na jeshi la nchi, wala hapaswi kuombwa afanye hivyo. Uamuzi ambao ungewaokoa watu wa Terrain ulikuwa wa kuwaondoa mapema, na uamuzi wa namna hiyo ni wa mwajiri.

Barabara iliyopewa kibali

Tarehe 22 Februari 2021, magari mawili ya WFP yaliondoka Goma kuelekea Rutshuru kutazama mpango wa chakula mashuleni. Balozi wa Italia nchini Kongo, Luca Attanasio, alikuwemo. Karibu na Kibumba, watu wenye silaha waliusimamisha msafara. Dereva Mustapha Milambo aliuawa palepale. Balozi na mlinzi wake, Vittorio Iacovacci, waliuawa walipokuwa wakipelekwa porini. WFP ilieleza kwamba barabara hiyo ilikuwa imepewa kibali cha kupitiwa bila wasindikizaji.

Habari za dunia zilimtaja balozi kwanza, na dereva mwisho, kama alitajwa. Yeye ndiye aliyeijua barabara kuliko wote, na ndiye aliyekufa wa kwanza. Hivyo ndivyo ilivyo katika kazi hii: mwaka 2024 wafanyakazi wa misaada 383 waliuawa duniani, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia, na walio wengi walikuwa wenyeji wa nchi walizofanyia kazi. Madereva, wahudumu wa afya, wagawaji chakula na walinzi. Taarifa ya usalama inayoandikwa bila kumuuliza dereva anajua nini kuhusu barabara ni taarifa pungufu, hata ikiwa na muhuri.

Hukumu ya Oslo

Suala la wajibu lilifikishwa mahakamani, na chanzo chake ni tukio la kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 29 Juni 2012 katibu mkuu wa Baraza la Wakimbizi la Norway, NRC, alitembelea kambi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Miezi minane kabla, wafanyakazi wawili wa Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wametekwa hukohuko na walikuwa bado mikononi mwa watekaji. Msafara wa NRC ulikwenda bila wasindikizaji wenye silaha. Ulishambuliwa katika kambi ya Ifo 2. Dereva Mkenya aliuawa, wengine wakajeruhiwa, na wafanyakazi wanne wakatekwa na kuvushwa hadi Somalia. Waliokolewa siku chache baadaye.

Mmoja wao, Steve Dennis wa Kanada, alimshtaki mwajiri wake. Novemba 2015 Mahakama ya Wilaya ya Oslo ilisema kwamba hatari ya utekaji ilikuwa ikijulikana, kwamba shirika lingeweza kuchukua hatua za kuipunguza, na kwamba lilifanya uzembe mkubwa. Fidia ilifikia takribani kroni milioni 4.4 za Norway.

Ofisi nyingi za Kampala ziliisoma hukumu hiyo kama onyo la kununua bima zaidi na kujaza fomu zaidi. Maana yake ni nzito kuliko hivyo. Mahakama haikumhukumu aliyeandika mpango wa safari. Ilimhukumu mwajiri.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wataalamu wa usalama wa misaada huzungumzia njia tatu: kukubalika na wenyeji, kujikinga kwa kuta na taratibu, na kumtisha adui kwa nguvu. Kampuni ya ulinzi huuza ya pili na ya tatu. Ya kwanza haiuzwi dukani, nayo ndiyo wahenga waliyoisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji aliyepona kwa ujio wako atakutumia ujumbe usiku akwambie usipite barabara fulani kesho.

Kukubalika nako si ngao ya kila hatari. Aprili 2001 wafanyakazi sita wa Msalaba Mwekundu, wanne kati yao Wakongo, waliuawa kaskazini mwa Bunia, katika eneo lililokuwa wakati huo chini ya jeshi la Uganda. Magari yao yalikuwa na nembo kubwa, bila silaha. Hata hivyo, mashirika yaliyodumu miaka mingi Ituri, Karamoja na Acholi ni yale yaliyojulikana na wazee wa vijiji kabla hayajajulikana na kampuni za ulinzi.

Hapa ndipo askari na mwenyeji wanapokutana. Mwanakijiji wa Adjumani anayekuja kulalamika kwamba jina la mama yake halimo katika orodha ya chakula, mtu wa kwanza wa shirika atakayemwona ni askari. Akimsikia kwa Kimadi, akampa kiti na kumwita mhusika, shirika limepata rafiki. Akimfukuza kwa lugha asiyoielewa, shirika limepoteza kitu ambacho bunduki haiwezi kukirudisha. Kampuni inayowaleta walinzi wote kutoka mbali kwa sababu ni rahisi kuwasimamia inaliuzia shirika udhaifu.

Kabla ya kutia saini

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi, maofisa manunuzi na wajumbe wa bodi waulize maswali haya kabla ya kutia saini mkataba mwingine wa ulinzi. Askari atapokea kiasi gani mkononi, na hati ya malipo ataionyesha nani? Anafanya kazi saa ngapi kwa wiki? Je, kampuni imemkatia bima ambayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamtaka kila mwajiri kuwa nayo, na kama akiuawa kwenye geti lenu, familia yake italipwa na nani? Ni nani aliyeamua kwamba geti hili linahitaji bunduki, na kwa hatari ipi? Lini mlinzi huyo alifanya mazoezi ya kulenga, na lini alifundishwa kushughulika na mama mwenye mtoto mgonjwa na hasira? Mwenyeji akidhulumiwa na askari, atamlalamikia nani kwa lugha yake?

Maswali mengi kati ya hayo yamo tayari katika Waraka wa Montreux wa mwaka 2008, ambao Uganda imeuunga mkono, na katika kanuni za maadili za kimataifa za kampuni za ulinzi zilizotoka mwaka 2010. Kampuni nzuri za Kampala zinaweza kuyajibu, na zinashindwa zabuni kwa sababu majibu mazuri yana gharama.

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, bajeti zimebana kila mahali, na gharama za ulinzi ni rahisi kukatwa kwa kuwa hazionekani katika picha za miradi. Mkurugenzi anayelazimika kupunguza, apunguze safari, majengo au miradi, lakini asiwaweke watu njiani kwa ulinzi wa nusu bei. Gharama halali ya askari iandikwe wazi katika bajeti inayokwenda kwa mfadhili. Mfadhili akikataa kuilipa, aambiwe kwa maandishi kwamba kazi hiyo haitafanyika.